Chupa Nne Ulizofunga kwa Uzi

Ijumbi, Alhamisi, baada ya chakula cha mchana

Kemilembe, binti yangu,

Jana ulipokwenda Ngenge kumuaga bibi yako nilisema kiuno kinaniuma, siwezi kupanda baiskeli. Kiuno hakiniumi. Nilitaka kubaki na sanduku lako lenye zile chupa nne za nzi, na nilipobaki nalo nikaona sina la kufanya isipokuwa kuvuta kiti na kukuandikia. Utarudi saa kumi. Kesho alfajiri ni lori la kahawa mpaka Bukoba, jioni meli, na baada ya hapo Dar es Salaam na Chuo Kikuu chako. Kwa hiyo nina saa mbili tatu za kukuambia jambo moja ambalo mdomo wangu umelikataa wiki nzima.

Habari za chandarua, za kusali na za wanaume wa mjini mama yako amekwisha kuzimaliza. Sina la kuongeza hapo.

Jambo lenyewe ni hili. Nimezichezea chupa zako. Jumapili jioni, wageni wa sherehe ya kukuaga walipokuwa bado wanakunywa uani, niliingia chumbani kwako. Mbili zilikuwa na uzi mwekundu shingoni, za wale nzi wasahaulifu. Mbili zilikuwa na uzi mweupe, za wenye kumbukumbu. Nikafungua uzi mwekundu mmoja nikaufunga kwenye chupa ya wenye kumbukumbu, na mweupe wake nikaupeleka kwa wasahaulifu. Halafu nikatoka nikaenda kukaa na watu. Ningependa kukuambia nililewa, lakini sikulewa.

Usiinuke, mwanangu. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha useme utakalo.

Unajua ni kitu gani kilichonipandisha mori? Ile hotuba yako. Ulisimama na gauni lako jipya, ukashukuru kwa mpangilio mzuri. Ukamshukuru balozi wetu wa nyumba kumi na wazee wa chama kwa kukuandikia barua, maana siku hizi mtu haendi chuo mpaka afanye kazi kwanza na wakubwa wamsemee vizuri. Kisha ukamgeukia Dokta wako wa kituo cha utafiti, sauti ikakulainika, ukasema, “Dokta ndiye aliyenifundisha kutazama.” Halafu ukatugeukia sisi ukasema wazazi wako unawashukuru kwa malezi na kwa sala. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimeshika kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikakiweka chini.

Sala. Katika nyumba hii anayesali ni mama yako. Mimi nasinzia kabla ya fumbo la tatu la rozari, kila mtu anajua.

Nilichokuwa nacho kichwani wakati ule ni hiki. Mtoto wangu ana miaka sita. Tumeivisha ndizi, tumezimwaga kwenye mtumbwi wa kukanyagia, mimi niko ndani na nyasi zangu nakanyaga, na wale nzi wadogo wamejaa mpaka mtu anawavuta puani. Namnasa mmoja kwa ncha ya jani lililolowa, namwonyesha mtoto. Huyu mwenye kitako cheusi ni dume. Huyu mwenye mistari mpaka mwisho, aliyechongoka kidogo, ni jike. Mtoto anauliza nimejuaje, nami namjibu kwamba nimewatazama. Na ni kweli, hakuna mzungu aliyeniambia. Nililiona kwa macho yangu haya. Basi Jumapili nikajisemea kwamba binti yangu mwenyewe amemsahau aliyempa macho, na macho hayo anayagawa kwa mgeni.

Na Dokta huyo, Mungu anisamehe, simpendi. Hajanikosea hata kidogo. Katoka Tanga, Kiswahili kinamtoka kama maji, na mimi changu ni cha darasa la nane; nikikasirika kinageuka Kihaya katikati ya sentensi. Miaka yako miwili ya kazi kituoni ulikuwa ukirudi Jumamosi ni Dokta hivi, Dokta vile, mpaka mama yako anajikohoza mezani ili upumzike. Siku ulipomleta hapa nyumbani akaomba aone mtumbwi wetu wa rubisi. Ulimwonyesha wewe. Ukamweleza nyasi zinafanya kazi gani, mtama unatiwa lini, na mimi mwenye mtumbwi nimesimama palepale na kofia mkononi kama mtu aliyekuja kuomba kibarua.

Lakini nilikuwa nikikusikiliza. Ulidhani sisikilizi kwa sababu nilikuwa nanoa panga. Nilisikia habari ya ule mrija wa kioo wenye njia mbili, huku harufu ya maganda ya kahawa, huku harufu ya mchaichai, na kwenye njia ya kahawa mnatandika karatasi iliyochovywa maji ya mubilizi, uchungu uleule tunaowanywesha watoto wenye homa. Ulisema nzi anaonja kwa miguu. Nikasema basi hao ni Wahaya, maana hata sisi ndizi zetu tunaanza kuzionja kwa miguu, na ulicheka sana siku ile. Nzi akishaonja uchungu, mkimrudisha kwenye mrija wenye karatasi safi, anaikwepa harufu ya kahawa. Anakumbuka.

Isipokuwa ule ukoo mmoja. Wale uliowakuta kwenye mtumbwi wetu. Wanaona vizuri, wananusa vizuri, wanaruka kama wenzao, lakini ukiwafundisha sasa hivi, punde si punde wanarudi kwenye kahawa kana kwamba uchungu hawakuuonja. Na watoto wao hivyohivyo. Ukawaozesha kwa wenye kumbukumbu, wakazaa watoto wenye akili timamu, ukafikiri ugonjwa umekwisha. Kumbe kwa wajukuu usahaulifu ukarudi. Ulisema kuna chembe ya urithi ndani ya mwili wa nzi, ndogo isiyoonekana, inayobeba kukumbuka kama nyingine inavyobeba rangi ya macho. Ulisema wasomi wa mbali wameanza tu kuzitafuta chembe za namna hiyo. Nakumbuka mama yako alikuwa akimenya ndizi, akauliza kama wivu nao hurithiwa. Hakuninyanyulia macho. Ukajibu kwamba hilo hakuna aliyelipima.

Mimi nitakueleza la kwangu, kisha mtapima wenyewe.

Ta Deo unamjua. Ndiye yule mzee wa benchi la nyuma anayenipa kahawa ya kutafuna kila Jumapili misa ikiisha. Unadhani ni urafiki wa kanisani tu. Mimi na Deo tulikula omukago, undugu wa damu, tukiwa vijana. Tuliipasua kahawa moja, kila mmoja akaipaka nusu yake damu ya tumboni mwake, karibu na kitovu, kisha tukabadilishana tukameza. Mapadre walikuwa hawapendi, tukafanya kwa siri nyumbani kwa babu yake. Baada ya hapo mwenzako hawezi kukunyima, na wewe huwezi kumdhuru. Wazee walisema anayevunja omukago tumbo litamvimba.

Tulifanya kazi pamoja kwenye bustani ya miche ya kahawa, katika kituo ambacho sitakitaja, maana kituo hakikukosa kitu. Ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru. Bwana shamba mzungu anafunga mizigo, na tumeambiwa mmoja wetu atapelekwa kusoma aje ashike nafasi. Mimi nilikuwa najua nitakuwa mimi. Nilikuwa naandika vizuri kuliko Deo, nilikuwa nawahi, mzungu mwenyewe alikuwa ananiita mimi kila akitaka kitu kifanywe sawasawa. Lakini Deo alikuwa na mkono. Alizunguka vibanja vya watu, akachagua miti mama ya kahawa kwa kuitazama tu, akapanda mbegu zake kwenye tuta moja, na miche yake ikatoka imara, ugonjwa wa majani haukuigusa. Tuta langu la jirani lilikuwa limekonda. Wakubwa walikuwa wanakuja kukagua.

Asubuhi ya siku hiyo niliwahi kazini, nikang'oa vibao viwili vya majina. Cha Deo nikakipeleka kwenye tuta langu na changu nikakileta kwake. Miche ilikuwa bado midogo, na aliyeijua kwa sura alikuwa Deo peke yake, naye alikuwa ametumwa Bukoba kuchukua dawa. Kazi yote haikuchukua muda wa kufunga viatu.

Wakubwa walisoma vibao. Lile tuta walilodhani ni la Deo, wakaagiza ling'olewe na miche ichomwe. Hapo ndipo nilipofikiri nimefanya kazi nzuri. Baada ya wiki mbili wakaamua kwamba hata tuta langu, yaani la Deo, haliaminiki, maana Deo aliporudi alilia mbele yao akisema miche imechanganywa, nao wakaona hapa hakuna rekodi ya kutegemea. Wakachoma na hiyo. Kahawa nzuri kuliko zote nilizopata kuona katika maisha yangu nimeikusanya kwa reki mwenyewe, nikaitia moto. Nafasi ya masomo ilipewa kijana wa wilaya nyingine. Deo akabaki kibarua mpaka mgongo ulipomshinda. Mimi nikaacha kazi, nikarudi Ijumbi kulima, na watu wakasema nimeacha kwa sababu nina msimamo.

Tumbo halikunivimba. Nilinenepa kidogo tu.

Deo hakunishuku. Hilo ndilo lililonikaa rohoni kuliko hata kuchoma miche. Alikuja hapa nyumbani, akaketi palepale unapopenda kuketi wewe, akaniambia, “Ndugu yangu, kuna mtu anatuonea sisi wawili.” Sisi wawili, waitu. Nikamwitikia. Kwa padre nilikwenda nikatubu wivu. Nikalitaja neno hilo moja, wivu, bila vibao, bila Deo, bila moto, naye akanipa sala chache nikazisali njiani nikirudi. Dhambi ukiitaja jina la ukoo tu, bila jina lake yenyewe, haikuachi. Hilo ninalijua kwa hakika, na sikulisoma popote.

Na jingine ninalolijua: wivu haukuja kwangu siku ile ukiwa na sura mbaya. Ulikuja ukisema, hii ni haki yako, umeifanyia kazi, mwenzako anaipata kwa bahati. Jumapili ulikuja na maneno hayohayo, sauti ileile, na mimi mzee mzima, mwenye mvi, nikaufuata kama ndama. Tofauti ni kwamba safari hii niliyekuwa namwonea ni mtoto wangu. Wazazi wengine husema wanataka watoto wao wawapite. Nami nimesema hivyo mbele ya watu, mara nyingi. Lakini ulipoanza kunipita kweli niliona kama unanikanyaga.

Jumatatu sikula. Jumanne ulipokwenda kwa balozi kuchukua barua zako niliingia tena kurudisha nyuzi mahali pake. Hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Ulikuwa umekwisha kuzitoa chupa rafuni na kuzipanga kwenye sanduku kwa ajili ya safari, majani makavu katikati, na mimi alama yangu ilikuwa ile rafu: ya kwanza kutoka dirishani na ya tatu. Sasa nina nyekundu mbili na nyeupe mbili, zimechanganywa, na nzi ni walewale, wadogo, wanatembea kwenye kioo, hakuna mwenye alama usoni kwamba mimi ni msahaulifu. Nikakaa chini nikazitazama mpaka macho yakaniuma. Halafu nikakisia. Nikabadilisha nyekundu moja na nyeupe moja, nikafunga sanduku.

Kwa hiyo, Kemi, sijui. Huenda zote ziko sawa. Huenda zote nne zimepinduka. Huenda mbili ni kweli na mbili ni uongo. Ningeweza kuficha ubaya wangu kama ningeweza kuurekebisha. Siwezi, na ndiyo maana unaisoma barua hii. Ukifika Dar es Salaam yule profesa atakayekupokea atawapima mbele yako wiki ya kwanza, na nzi wa uzi mwekundu wakikumbuka, hatasema baba yake alifanya hivi. Atasema huyu msichana wa Ziwa Magharibi hajui kutunza chupa nne. Au atasema alidanganya. Nimekwisha kumwona mtu mmoja akilia mbele ya wakubwa akisema vimechanganywa, vimechanganywa, na hakuna anayemwamini.

Na bado kuna la leo asubuhi. Nilipokuwa nakunywa chai nilimwambia mama yako, kwa kunung'unika, kwamba umesahau nilivyokufundisha nzi dume na nzi jike pale mtumbwini. Aliacha kufagia. Akaniuliza ni lini. Nikamwambia mwaka ule tuliopata ndizi nyingi, ulipokuwa na miaka sita. Akasema, “Mwaka huo Kemi alikuwa Ngenge kwa mama, anaugua surua, amekaa miezi. Uliyemwonyesha ni Projest.” Nikabisha. Akaendelea kufagia. Kisha akanitajia kaptura aliyokuwa amevaa Projest, ya kaki, iliyochanika nyuma, na jinsi alivyotumbukia mtumbwini akaharibu rubisi yote, nami nikamchapa. Nikaikumbuka ile bakora kabla sijaikumbuka sura.

Ni kaka yako, Kemi. Niliyempa macho ni Projest, ambaye leo anaendesha lori Mwanza na hajui nzi dume wala jike, wala hataki kujua. Wewe sikukuonyesha kitu. Ulitazama mwenyewe, na kilichobaki ukaonyeshwa na Dokta, na siku ya sherehe ulisema ukweli mtupu. Mimi ninayejivuna kwamba sisahau neno nililoambiwa tangu utotoni, nilimtoa mtoto mmoja nikamweka mwingine mahali pake, nikaifunga kumbukumbu uzi, na kwa uzi huo nikaingia chumbani kwako.

Sitakuambia wivu umekwisha. Hata sasa naandika nikisikia unanichoma ninapofikiria kwamba utakaa kwenye chumba chenye darubini yako mwenyewe, mtu akupigie hodi kabla ya kuingia. Mimi darubini niliishika mara moja, ya mzungu, nilipoifuta vumbi. Niliinama haraka nikachungulia, na kwa sababu hakukuwa na kitu chini yake niliona ukope wangu mwenyewe. Ningependa sana kuwa wewe. Hilo ndilo neno lenyewe, na kwa miaka yote miwili nililisema kwa kumsema vibaya Dokta wako.

Habari ya Deo, usiniulize mimi kama nimekwenda. Nimekuwa hodari wa kusema nitakwenda. Ukija likizo, pita kwake kwanza kabla hujafika hapa, muulize yeye niliyomwambia. Akikuangalia kama hajui unasema nini, basi utajua baba yako ni mtu wa namna gani, na uje unisimamishe mbele ya mama yako.

Nilitaka barua hii niitie ndani ya sanduku, kati ya chupa, uikute ukiwa mbali na mimi niko huku, nisione uso wako. Nimeandika hivyo kwenye karatasi ya kwanza, nimeichana. Nitakupa mkononi ukiingia, kabla hujavua viatu, na nitakaa hapa kwenye kiti hiki wakati unasoma. Deo sikumpa hata hicho, nafasi ya kunitazama.

Kisha usiniamini. Hili nakuomba kuliko msamaha. Yote niliyoandika ya nyuzi, ya rafu, ya Jumapili na Jumanne, yametoka kwenye kichwa kilekile kilichomgeuza Projest akawa wewe. Wapime nzi wako. Jua litakuwa bado lipo. Mrija uko kwenye pamba, sijaugusa. Maji ya uchungu nimekwisha kuchemsha, yanapoa jikoni, na mama yako nimemwambia chakula kitachelewa bila kumwambia kwa nini. Amenitazama, amekwenda kuazima taa ya pili kwa jirani. Chupa ni nne, na peke yako hutamaliza kabla ya kulala. Wewe utaniambia nishike wapi, nami nitashika.

Baba yako